Ratiba iliyompeleka mgeni mto Mara mwezi wa Februari

Kampuni yenyewe ni ndogo: mmiliki mmoja, mabinti wawili wa mezani wanaojibu barua pepe na kupanga safari, mhasibu anayekuja kwa wiki mara chache, magari manne, na madereva guide wanaoitwa kazi ikipatikana. Iko Arusha. Mmiliki alinikabidhi mawasiliano yote ya safari moja baada ya wageni wake kudai warudishiwe sehemu ya fedha zao, akaniomba nimwambie kosa lilianzia wapi. Ameridhia niandike kisa hiki kwa sharti kwamba jina la kampuni na majina ya watu yasitajwe. Sharti hilo halinisumbui, maana yaliyotokea pale yanaweza kutokea katika ofisi yoyote kati ya Mnara wa Saa na Njiro ambayo siku hizi inaandikiwa barua na akili mnemba.

Wageni walikuwa familia ya watu wanne kutoka Ulaya, wazazi na watoto wawili wa umri wa shule. Waliandika mwezi wa Septemba wakiulizia safari ya siku saba mwezi wa Februari, na walitaja mambo mawili waliyoyatamani: Tarangire kwa ajili ya tembo, na kuona nyumbu wakivuka mto. Binti wa mezani, ambaye nitamwita mpangaji, alinakili barua yao, akaibandika kwenye programu ya mazungumzo, akaiagiza iandike ratiba pamoja na jibu. Ratiba ikatoka kabla hajamaliza kufungua faili la bei. Siku ya pili, Tarangire. Siku ya tatu, kutoka Tarangire hadi kaskazini mwa Serengeti, na jioni kuwa kando ya mto Mara kutazama makundi yakijitosa majini. Siku ya nne, mtoni tena. Siku ya tano, kuondoka kaskazini asubuhi, kushuka kreta ya Ngorongoro mchana na kulala ukingoni. Kiingereza chake kilikuwa safi, chenye mvuto, hakina kosa hata moja la sarufi. Mpangaji akaweka bei, akatuma. Familia ilikubali upesi, ikalipa malipo ya awali, na kambi ya kaskazini ikashikwa na kulipiwa.

Dereva aliipata ratiba hiyo gereji, jioni ya kuamkia safari. Akapiga simu ofisini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ratiba nani kaipanga?"

Binti akasema ni yeye.

"Sasa Februari nakwenda Kogatende, kule mto Mara, kufanya nini? Nyumbu wako Ndutu, wanazaa. Na kutoka Tarangire nitafikaje kule kabla geti halijafungwa?"

Walio kwenye kazi hii wameshaona ubaya wake. Kwa wasioijua njia, nitaueleza, kwa sababu makosa yalikuwa matatu na kila moja lina gharama yake.

La kwanza ni la majira. Mwezi wa Februari kundi kubwa la nyumbu huwa kusini, kwenye nyanda za majani mafupi za Ndutu, pale Serengeti inapokutana na Ngorongoro, na ndio wakati wao wa kuzaa. Kuvuka mto Mara ni habari ya Julai hadi kama Oktoba, ukame unapowasukuma kaskazini kufuata maji na majani. Kumpeleka mgeni mtoni Februari ni kumpeleka kutazama maji.

La pili ni la barabara. Kutoka Tarangire unarudi Makuyuni, unapita Mto wa Mbu, unapanda Karatu, unaingia geti la Loduare la Ngorongoro, unazunguka ukingo wa kreta, unateremka nyandani mpaka Naabi, geti la Serengeti, ndipo uitafute Seronera, katikati ya hifadhi. Arusha hadi Seronera peke yake ni kama kilomita 335. Na ukifika Seronera bado una saa nyingi za barabara ya vumbi kwenda kaskazini. Mageti yanafungwa saa kumi na mbili jioni na askari wa geti hasikilizi hadithi. Siku ya tano ilikuwa mbaya kuliko hiyo, kwa sababu kutoka mto Mara asubuhi na kushuka kreta mchana wa siku hiyo hiyo hakuna dereva mwenye akili zake atakayekubali kumfanyia mtoto wa mtu.

La tatu ni la fedha, na ndilo mgeni halioni. Anayekwenda Serengeti kwa njia ya Naabi anakatiza Ngorongoro, ambayo ina mamlaka yake, mbali na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Analipa akienda, na akirudi baada ya siku kadhaa analipa tena. Ada ya kushuka kreta nayo inatozwa kwa gari, haigawanywi kwa vichwa getini. Ratiba ya programu iliitaja Ngorongoro mara moja tu, siku ya tano, kama mahali pa kushuka kreta na kulala, bila kutaja ada yoyote. Mpangaji alijenga bei kwa kufuata ratiba, mstari kwa mstari, kwa hiyo malipo ya kupita wakati wa kwenda hayakuwemo, na ada ya kreta haikuwemo kabisa.

Safari iliokolewa na dereva. Asubuhi ya kwanza, kabla hawajatoka mjini, aliwaeleza wageni ukweli wote, akawaomba wamruhusu awapeleke Ndutu. Baba alielewa. Mama alitoa karatasi kwenye begi akamwonyesha mstari ulioahidi mto. Walikwenda Ndutu, wakaona ndama wakisimama kwa miguu yao dakika chache baada ya kuzaliwa, wakamwona duma akiwinda, na watoto walifurahi kweli, picha nimeziona. Hata hivyo kambi ya kaskazini ilikataa kurudisha fedha kwa kuwa taarifa ilifika kwa kuchelewa, na familia, baada ya kumshukuru dereva kwa maneno mazuri, ikadai fidia kwa kile kilichoahidiwa kwa maandishi na hakikutolewa. Wana haki. Kampuni ililipa, na safari nzima ikaishia hasara.

Maswali yaliyokoma

Mmiliki alikuwa na hukumu mbili tayari kabla hajaniita. Ya kwanza, binti ni mzembe, aondoke. Ya pili, programu ni ya uongo, ipigwe marufuku ofisini. Nilimwomba asubiri mpaka nisome mawasiliano ya zamani, na humo ndimo nilimokuta jambo lililonifanya nitake kuandika.

Zamani, katika ofisi hii, ratiba ilitengenezwa kwa kukwama. Mgeni anaulizia Juni. Mpangaji hajui nyumbu wa Juni wako wapi. Anamtumia dereva ujumbe: "Shikamoo mzee, Juni nyumbu wanakuwa wapi?" Dereva yuko kwa fundi au anasubiri wageni uwanja wa ndege wa KIA; anajibu kwa sauti, kwa kirefu. Wanaelekea magharibi, upande wa Grumeti, ila inategemea mvua ya mwaka huo, kwa hiyo usimwahidi mgeni mto, mwambie tutawafuata walipo. Siku nyingine swali ni la saa: Karatu hadi Seronera niandikeje? Andika siku nzima, anasema mzee, maana watataka picha pale ukingoni, na Naabi kuna foleni ya vibali. Siku nyingine mgeni ni bibi mwenye mgongo mbovu. Huyo usimpitishe barabarani, mpandishe ndege ndogo hapa Arusha, mimi nitatangulia na gari nimpokee Seronera.

Nilisikiliza sauti hizo nyingi. Ni shule kamili. Mpangaji huyu amesoma chuo cha utalii na kufanya mazoezi kwa vitendo kwenye hoteli ya mjini, lakini hajawahi kulala Serengeti hata usiku mmoja. Hiyo ndiyo hali ya vijana wengi wa mezani, ambao wanauza mbuga wasizozijua. Alichokijua kuhusu barabara na wanyama alikipata kwa dereva, kidogo kidogo, kila alipokwama. Hakuna mtu pale ofisini aliyeyaita mafunzo. Hayakuwa kwenye mkataba wa mtu yeyote, na dereva hakulipwa hata shilingi kwa ajili yake.

Programu ilipoingia, ujumbe huo ulipungua, kisha ukakaribia kwisha. Hakuna aliyekataza. Binti hakugeuka mvivu pia. Kinyume chake alianza kujibu barua nyingi zaidi kwa siku kuliko awali, na mmiliki akamsifu mbele ya wenzake. Kilichobadilika ni kwamba hakukwama tena. Pale ambapo zamani angebaki na nafasi tupu kwenye karatasi, sasa palikuwa na sentensi iliyokamilika, na ile nafasi tupu ndiyo iliyokuwa inamfanya ashike simu.

Hapa ndipo naweka uzito wa uchambuzi wangu. Mjini watu wanaulizana kama akili mnemba itachukua kazi za vijana wa maofisini. Katika ofisi hii viti vyote bado vina watu. Kilichoondoka ni hisia ya kutojua, na ilipoondoka ilikwenda na mazungumzo kati ya kijana wa mezani na mzee wa barabarani, ambayo ndiyo njia pekee maarifa ya kampuni yalikuwa yanapitia. Hasara hiyo haionekani kwenye kitabu cha mhasibu. Inajificha mpaka siku dereva anapofungua ratiba gereji.

Mmiliki naye aliathirika, kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuigundua mpaka tulipoizungumza. Zamani alikuwa anapitia kila barua kabla haijatumwa, kwa sababu Kiingereza cha mezani kilikuwa kinayumba. "Nilikuwa narekebisha lugha, humo humo nakuta na kosa la njia," aliniambia. Barua zilipoanza kuja zimenyooka, jicho lake halikuwa na pa kushikia. Alisoma mistari miwili ya kwanza, akaridhika, akasema tuma. Kwa miaka yote lugha mbovu ilikuwa inamlazimisha asome taratibu, na kusoma taratibu ndiko kulikokuwa kunakamata makosa mengine yote.

Kwa nini ilimpeleka mtoni

Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, programu za namna hii zimekuwa nyingi, na msingi wake unafanana. Zinafunzwa kwa maandishi mengi mno kazi moja ya kukadiria kipande cha neno kinachofuata, kisha zinafunzwa zaidi ili zijibu kwa namna inayomsaidia na kumridhisha anayeuliza. Kwenye maandishi ya Kiingereza kuhusu Serengeti, nyumbu na mto Mara hutajwa pamoja kupita kiasi, kwa sababu picha ya mamba na vumbi ndiyo inayouza safari. Barua ya mgeni yenyewe ilitaja mto. Neno Februari lilikuwamo mara moja tu, kwenye mstari wa tarehe. Programu ikampa mgeni alichokitamani.

Nilifanya jaribio dogo ambalo mmiliki hakulitarajia. Niliiuliza programu hiyo hiyo, kwa Kiswahili, mwezi wa Februari nyumbu wa Serengeti wako wapi. Ikajibu sawasawa: kusini, Ndutu, wanazaa. Nikaiuliza kama gari linaweza kutoka Tarangire likafika mto Mara kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ikasema hapana, na ikashauri kulala njiani. Kwa hiyo kusema kwamba programu haijui ni kujidanganya. Jibu lilikuwemo, lakini lilihitaji mtu anayejua kwamba hapo kuna swali, na mtu huyo hutengenezwa na zile sauti za dereva.

Yapo pia mambo ambayo haiyajui kweli. Kwamba udongo mweusi wa Ndutu ukinyeshewa unameza tairi hadi ekseli. Kwamba mgeni mwenye watoto wadogo aondoke Arusha mapema, maana njiani watasimama mara nyingi. Kwamba kambi fulani chakula chake ni kizuri lakini maji ya moto yanasumbua asubuhi. Maarifa haya yanaishi kwa mdomo, kwa Kiswahili, ndani ya magari na kwenye simu za madereva. Hayajawahi kuandikwa, na mashine inayosoma maandishi haiwezi kusoma kisichoandikwa.

Utafiti mmoja unaotajwa sana unasaidia kuona tofauti hii. Erik Brynjolfsson na wenzake, katika andiko la 2023, waliwafuatilia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 wa kampuni ya programu za kompyuta, wengi wao wakiwa Ufilipino. Waliopewa msaada wa akili mnemba walimaliza matatizo ya wateja kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 14 kwa wastani, na kwa wahudumu wapya ongezeko lilikuwa asilimia 34, huku wazoefu wakipata faida kidogo sana. Mmiliki alikuwa amesikia habari za namna hiyo na ndizo zilizompa moyo. Lakini mfumo ule ulikuwa umefunzwa kwa mazungumzo ya kampuni yenyewe, ukitazama jinsi wahudumu wake bora wanavyojibu. Ulikuwa unachukua ujuzi wa wazoefu na kuugawa kwa wageni wa kazi. Programu ya ofisi yetu haikuwa na hata tone la ujuzi wa dereva wetu. Ilimpa binti sauti ya mzoefu bila uzoefu wenyewe.

Utafiti wa pili, wa mwaka huo huo, ulifanywa na watafiti wakiwemo wa Harvard Business School kwa washauri 758 wa Boston Consulting Group, kampuni ya ushauri wa biashara. Kwenye kazi ambazo akili mnemba inaziweza, waliotumia walimaliza nyingi zaidi, haraka zaidi na kwa ubora zaidi. Kisha wakapewa kazi moja iliyochaguliwa kwa makusudi iwe nje ya uwezo wake, na hapo waliotumia walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata jibu sahihi kuliko wasiotumia, kwa tofauti ya pointi 19 za asilimia. Hao ni washauri wa kulipwa mishahara mikubwa. Sioni kwa nini binti wa mezani wa Arusha alaumiwe peke yake kwa kosa ambalo watu hao walilifanya mbele ya watafiti.

Barua zote kufanana

Jambo jingine lilijitokeza nilipoomba kuona mawasiliano ya baadaye na familia. Mama alieleza kwamba aliandikia kampuni kadhaa za Arusha na Moshi, na majibu yalifanana mno, hata maneno ya kumkaribisha. Walichagua hii kwa sababu bei ilikuwa chini kidogo. Chini kidogo, kumbuka, kwa sababu malipo ya Ngorongoro yalikuwa yamesahaulika.

Hapa biashara inabadilika chini ya miguu yetu na wengi hawajashtuka. Miaka michache iliyopita barua nzuri ilikuwa silaha. Kampuni yenye mtu wa Kiingereza kizuri ilipata wageni, na isiyo na mtu huyo ilibaki kuhudumia kazi za kampuni nyingine. Akili mnemba imeondoa pengo hilo, na nafurahi kwa ajili ya vijana wengi wenye uwezo waliokuwa wakinyimwa kazi kwa sababu ya lugha ya kigeni. Lakini kila mtu akishakuwa na barua nzuri, barua haiuzi tena. Mgeni anabaki kulinganisha bei, na mashindano ya bei katika utalii huwa yanaishia kwenye posho ya dereva na mshahara wa mpagazi. Ofisi inayotaka kukwepa shimo hilo inahitaji kusema jambo ambalo jirani hawezi kulisema. Jibu lililostahili kuiendea familia ile lilikuwa fupi: Februari hakuna kuvuka mto, ila kuna kitu ambacho wa Agosti hawakioni, nyumbu wanazaa, na watoto wenu watakikumbuka. Hilo dereva alilisema kwenye gari bila kuandikiwa na mtu.

Ofisi ilijitetea mwanzoni kwa kumwambia mgeni kwamba ratiba iliandaliwa na mfumo wa kompyuta. Nilimshauri mmiliki asirudie kusema hivyo. Kanada kuna shauri lililoamuliwa Februari 2024 na baraza la usuluhishi la British Columbia, ambapo roboti ya mazungumzo ya Air Canada ilimpa abiria maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Shirika lilijaribu kuitetea hoja kwamba roboti inawajibika kwa matendo yake yenyewe. Baraza liliikataa na likaamuru abiria alipwe. Sheria ya kule haifungi mahakama zetu, lakini mantiki yake mgeni yeyote anaielewa: ratiba ina nembo yako, ahadi ni yako.

Nilikuta pia, katika kupekua, kwamba picha za pasipoti za wageni zilikuwa zinapakiwa kwenye programu ili isome majina na tarehe za kuzaliwa. Hilo nilisema likome siku hiyo hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti juu ya jinsi taarifa za mtu zinavyokusanywa, zinavyotumiwa na zinavyopelekwa nje ya nchi. Pasipoti ya mtoto wa mgeni haina kazi kwenye kompyuta ya kampuni ya ng'ambo.

Walichobadilisha

Binti hakufukuzwa na programu haikuzimwa. Mpangilio wa kazi ndio uliogeuzwa. Sasa mpangaji anaandika kwanza mifupa ya safari kwa mkono wake, siku kwa siku: unalala wapi, unatoka saa ngapi, unapita geti gani, unalipa nini na kwa mamlaka ipi. Karatasi hiyo inakwenda kwa dereva. Akishaikubali, ndipo programu inaruhusiwa kuigeuza kuwa barua nzuri, na ikiongeza mahali au mnyama ambaye hayumo kwenye karatasi, anafutwa. Programu inatumika pia kama mkaguzi: mpangaji anaipa mifupa hiyo na kuiagiza itafute kasoro badala ya kuiomba itunge. Kwa kazi hii imekuwa msaada wa kweli. Imeshakamata tarehe zilizogongana na usiku mmoja uliohesabiwa mara mbili.

Nilipendekeza pia kwamba wakati wa masika, magari yanapokuwa yamelala, mabinti wa mezani wapelekwe njia nzima pamoja na dereva, wakalale Karatu, wakaone foleni ya Loduare, wakakwame matopeni kama itabidi. Mmiliki alilalamikia gharama. Nikampa hesabu ya kambi ya kaskazini iliyolipwa bure, akakubali.

Sehemu ngumu iko kwa dereva. Mmiliki, baada ya kuelewa thamani ya zile sauti, alikuja na wazo ambalo kibiashara ni zuri: dereva akae mezani msimu wa mvua, aulizwe kila kitu anachokijua, sauti zirekodiwe, ziandikwe, ziwekwe kwenye faili ambalo programu italisoma kabla ya kutunga ratiba. Kwa njia hiyo ofisi ingekaribia mfumo ule wa Ufilipino, wenye ujuzi wa wazoefu ndani yake. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Nikishamaliza kuwaambia yote, mtaniita tena?"

Hakuna aliyemjibu papo hapo, na nililiona swali lake kuwa zito kuliko mengine yote ya kisa hiki. Dereva huyu si mwajiriwa wa kudumu. Analipwa kwa siku za safari, na bahashishi ya mgeni ikiwa nzuri anasomesha watoto. Ujuzi wake ndio mtaji wake pekee. Gari ni la mwingine na wageni ni wa mwingine. Kwa miaka mingi aliutoa bure kwa binti kwa sababu alikuwa anamfundisha mtoto, na mtoto yule akishajua, mzee alikuwa anaheshimiwa zaidi na kuitwa zaidi. Faili halimheshimu mtu wala halimwiti. Akiutoa huko, dereva mgeni wa kazi anayelipwa nusu yake anaweza kutembea na majibu yake kwenye simu.

Naamini faili hilo litengenezwe, kwa sababu ujuzi wa madereva wetu wa kaskazini unazikwa nao kila mwaka na hakuna anayeuandika. Naamini pia kwamba anayeutoa alipwe kama mtu anayeuza mali. Nimemwandikia mmiliki mapendekezo manne: siku za mezani zilipwe kwa kiwango cha siku za safari; dereva apate mkataba wa idadi ya safari kila msimu kwa miaka kadhaa; faili lisiuzwe wala kupewa kampuni nyingine bila yeye kukubali na kupata sehemu yake; na jina lake liwekwe kwenye ratiba kama mtu aliyeikagua, ili mgeni ajue.

Pendekezo la kwanza limeshakubaliwa na la nne limeanza kutumika. Juu ya mawili ya katikati bado wanavutana, mmiliki akihofia kufungwa kwa miaka asiyojua wageni watakuwa wangapi, dereva akisema naye hajui. Nimeshauri kwamba mpaka watakapotia saini, kusirekodiwe hata dakika moja. Wakati huo mpangaji amerudi kwenye utaratibu wa zamani: akikwama anampigia mzee, na kila ushauri wa ratiba sasa unaandikwa kwenye daftari la malipo.